Nyongeza za Bi Koleta

Siku niliyomwona Bi Koleta kwa mara ya kwanza, alikuwa ameketi juu ya gunia la tangawizi kando ya banda langu la kutengeneza baiskeli, hapa Same. Alikuwa ameteremka nalo kutoka Myamba. Nilinunua fungu moja, akaniongezea vipande viwili, kisha cha tatu. Sikuvihitaji, ila kumkatalia mama mtu mzima siwezi. Nikapokea huku nikitazama chini.

"Ile ni sataranji?" akauliza, akiutazama ubao wangu. "Marehemu mume wangu alinifundisha. Panga."

Alinifunga mara mbili.

Tangu hapo alikuja kila siku ya soko. Alikuwa mjane, watoto wanne amewasomesha kwa tangawizi, na akicheza alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini.

Mwaka jana wilaya yetu ilitakiwa kupeleka wachezaji wanne Moshi kwenye mashindano. Watatu walipatikana. Nafasi ya mwisho tukabaki mimi na yeye. Mimi sijawahi kuwakilisha kitu chochote, hata darasa la saba. Nafasi ile niliitaka sana.

Tukacheza kuiamua, akaanza yeye. Kila mmoja akasogeza askari wa mbele ya mfalme. Kisha Bi Koleta akamsogeza wa mbele ya malkia, akamwacha wazi kabisa.

"Chukua, mwanangu."

Nikamla. Akaleta wa pili. Nikamla huyo pia.

"Hamidu leo anavuna," akasema Muhidin, muuza vipuri, aliyekuwa akitazama.

Akatoa askofu mmoja, akamwacha askari wa tatu wazi pia. Moyo ulinikataza, lakini yule mama alikuwa ananitazama kama siku ile ya tangawizi. Nikala.

"Umeshiba?" akauliza, akamwondoa askari wangu mlafi kwa askofu wa pili. Hapo ndipo nilipoona: maaskofu wake wawili wamesimama bega kwa bega wakimkodolea macho mfalme wangu, na kete zangu zote bado zimelala nyumbani. Sikufika mbali.

Muhidin alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, siku ya safari, nilimbebea mkoba hadi stendi. Baada ya Moshi binti yake alimchukua akaishi naye Morogoro, sikumwona tena. Siku hiyo sikujua. Nilisimama tu kando ya basi, naye akafungua dirisha.

"Nafasi yako nitaitendea haki," akasema. "Sasa acha kununa, nenda ukale."