Mwizi wa Imeli Alinisamehe Mimba

Jamani, mwaka huu mimi, bibi mzee wa Buyenzi, hapa Bujumbura, ambaye meno nusu yameshaniaga, nimesamehewa mimba na mwanaume nisiyemjua.

Msicheke kwanza. Ngojeni niwaeleze.

Mi naitwa Sikuzani. Shule niliacha mapema, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta kosa lirukeni tu mwende mbele.

Nauza maji ya marakuja, wengine mnaita pasheni, yale ya kugandisha mu vifuko. Hapo barazani nina frigo kubwa jeupe la kugandishia. Hilo frigo ndilo linatulisha mi na binti yangu Hayat. Likitoka, sufuria inalala kifudifudi.

Hayat ana mtoto wake mmoja, Djibril. Mjukuu wangu huyo. Yuko Canada anasoma. Kabla hajaondoka alinifungulia imeli mu simu, eti awe ananitumia picha za theluji.

Sasa asubuhi moja nafungua simu, nakuta hivi:

«Bibi mpendwa, ni mimi mjukuu wako Djibril. Polisi wamenikamata. Simu yangu wamechukua, usinipigie. Usimwambie mtu yeyote. Tuma pesa leo leo kwa namba ya rafiki yangu aliye Bujumbura, la sivyo nafungwa.»

Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili.

Eti nisimwambie mtu. Nilipiga ukelele hata muadhini alisikia.

Hayat akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasoma. Akakaa chini palepale, kwenye sakafu.

"Mama, mutoto wangu! Wee Mungu, mutoto wangu!"

Tukapiga namba ya Djibril. Haipatikani. Tukapiga tena. Haipatikani.

Pesa hatuna. Tukaangaliana, halafu wote wawili tukaangalia frigo.

Hayat akamuita Radjabu, fundi wa magari, jirani yetu. Huyo alitamani kulinunua frigo langu tangu zamani. Akafika mbio, kanzu imeingia oili, nyuma anakokota mkokoteni.

"Pole sana, Mama Hayat. Mi nalichukua hata sasa hivi, nikusaidie."

"Pole gani imekuja na mkokoteni, we Radjabu?"

"Apana, Mama Hayat, huu nilikuwa nao tu."

Alikuwa nao tu! Na kamba pia alikuwa nayo tu.

Vifuko vyangu vikaanza kutolewa, vinatupwa mu beseni, jua linavipiga, vinalia maji. Na mi nalia navyo.

Halafu nikasema, "Ngoja. Mutoto yuko mu shida, na mi sijamjibu hata neno. Acha nimpe moyo."

"Mama, hakuna wakati!"

"Hayat, wewe nilikuzaa polepole na ulitoka muzima. Tulia."

Sasa, kwetu mnajua: bibi na mjukuu ni mke na mume. Ni utani wetu. Djibril tangu anatambaa mi ndiye mke wake. Akitoka shule: "Mke wangu mzee, umenipikia nini?" Na mi: "Mahari hujanitolea, chakula unadai?" Hata huko Canada hajawahi kuniandikia bila kunichokoza.

Basi sikuwaza ujanja wowote. Nikaandika vile ninavyomwandikia siku zote: "Mume wangu pole. Umekula? Na mahari yangu utatoa lini?"

Radjabu hajamaliza kufunga kamba, jibu hilo hapo.

«Mke wangu mpenzi, nisamehe. Mahari nitatoa nikifunguliwa. Nakupenda sana wewe na watoto wetu. Tuma haraka.»

Nikasoma. Nikarudia, kidole chini ya kila neno.

"Hayat."

"Nini, Mama?"

"Mi na Djibril tuna watoto?"

"Watoto gani?"

"Sijui. Anasema anawapenda."

Hayat akaninyang'anya simu. Kilio chake kikakatika katikati, akatoa sauti kama ya birika linalochemka. Nikadhani anazimia. Kumbe anacheka!

"Mama, huyu si Djibril! Saa ile alikuwa mjukuu, sasa amekuwa baba wa watoto!"

"Kwa hiyo frigo...?" Radjabu akauliza, kamba mkononi.

"Rudisha vifuko vyangu, Radjabu. Kimoja kimoja. Na usilambe vidole."

Hapo mashetani ya utani yakanipanda. Nikakaa kwenye kigoda, nikaandika taratibu: "Mume wangu, nina habari. Nina mimba."

Jibu mbio: «Alhamdulillahi! Ni baraka kubwa. Lakini tuma kwanza.»

Hayat akalala juu ya mkeka, miguu juu.

Nikaandika: "Nisikufiche. Mimba si yako. Ni ya Radjabu fundi."

"Mama Hayat!" Radjabu akaruka. "Usiniingize mi! Nina mke!"

"Nyamaza, mume mwenzako anaandika."

Tukangoja, vichwa vitatu juu ya simu moja.

«Nimekusamehe, mke wangu. Hata Radjabu nimemsamehe. Tuma haraka.»

Wallahi, nilicheka mpaka meno yangu yaliyobaki yakaogopa. Majirani wakajaa ua mzima. Vifuko vilivyoyeyuka tukavigawa bure, ikawa kama arusi.

Jioni Djibril mwenyewe akapiga, sauti ya usingizi. Kumbe tulipompigia, huko kwao ulikuwa usiku, na simu ilizimwa. Akasema, "Mke wangu mzee, angalia hiyo imeli imetoka wapi." Tukaangalia. Jina ni lake, ila mwishoni wameongeza herufi. L mbili! Jicho likiwa na machozi, nani anahesabu L?

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini hamjasikia.

Siku zikapita. Simu ikaita, namba ngeni. Sauti imenyooka kama ya mtu aliyevaa tai.

"Asalaam aleikum, Bibi. Ni Djibril, mjukuu wako. Nimebadilisha namba. Nina jambo kubwa la kukuomba."

Namba ngeni. Jambo kubwa. Tena "Bibi", kavu hivyo!

"Mume wangu," nikasema, nikimtega, "mahari yangu iko wapi?"

"Bibi, tafadhali, leo apana utani..."

"Ahaa! Mwizi! Umerudi? Ile mimba yangu ulinisamehe, sasa unataka nini tena, pesa ya maziwa?"

"Bibi! Bibi, niko hapa na wazee..."

"Wazee wezi wenzako! Wasalimie! Waambie Radjabu naye anawasalimia!"

Nikakata. Nikajipigia makofi.

Ikaita tena. Nikapokea nimtukane vizuri. Lakini sasa sauti ilikuwa imekasirika, inatetemeka, tai imevuliwa.

"Weee mke wangu mzee, kibogoyo we! Unaniaibisha mbele ya wakwe! Wanauliza mimba ya nani! Nimekupigia nikuombe ruhusa ya kuoa mke wa pili!"

Nikakaa chini palepale alipokaa Hayat.

Alikuwa nyumbani kwa wazazi wa binti, na sauti ilikuwa wazi, kila mtu anasikia. Alitaka waone ana bibi mwenye heshima zake.

Halafu nikasikia mzee mmoja huko Canada anacheka, anacheka, mpaka anakohoa. Akasema kwa Kirundi safi kwamba nyumba yenye bibi kama huyu hailali na huzuni, binti yao aje tu.

Ruhusa nikatoa. Ila nikamwambia huyo mke mdogo ajue mkubwa ni nani.

Sasa nyinyi mnaosoma, shikeni hili la mwanamke wa maji ya marakuja. Mtu akikuambia usimwambie mtu, piga ukelele. Akikukimbiza, tafuta kigoda ukae. Umpigie wa kwako kwa namba unayoijua, hata ikibidi ungoje kwao kuche.

Na mseme naye ule utani wenu ambao haujaandikwa popote. Mwizi atakusamehe kila kitu, hata mimba, ili mradi utume. Wa kwako utamjua: ukimwita mwizi, atakasirika.

Frigo liko barazani, linanguruma. Radjabu bado anakuja kununua marakuja, ila siku hizi mke wake anamsindikiza.