Suzana na Mkono wa Kushoto

Kama kuna kitu Suzana Malimi hakujaliwa, ni kunyamaza. Mwaka 1999 alirudi Mwanza na fani ambayo hata ndugu zake wa Buzuruga walishindwa kuieleza: tiba kwa vitendo. Dawa hatoi, sindano hachomi. Kazi yake ni kumsaidia mtu ayaweze ya kila siku: kula, kuvaa, kushika kalamu. Kila Alhamisi hospitali ilimruhusu aje darasa la kwanza nililokuwa nikifundisha, Buswelu.

Kwangu ndiko alikomkuta Odeta, mkono wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kitambaa ili aandike kwa kulia. Wa kushoto ni wa uchafu, ndivyo tulivyolelewa. Baba yake, Masele, ndiye aliyeufunga kila asubuhi, tena kwa mapenzi. Mtoto hakuwa ameandika hata “a”. Mkuu wa shule, Mwalimu Ndalahwa, alishaamua kwamba hafundishiki, arudishwe nyumbani.

Suzana alikifungua kile kitambaa mbele ya darasa zima. Nilifurahi mpaka nikajishangaa. Miguu ya Odeta ilikuwa ikining'inia. Akamwekea kasha la samaki akanyagie. Kisha akaleta udongo wa mfinyanzi kutoka ziwani, na wiki baada ya wiki watoto wakafinyanga ng'ombe wenye mapembe marefu, vidole vikapata nguvu.

Mkuu akaja juu. “Hawa wamekuja kusoma au kuchunga?”

“Shikamoo mwalimu. Wanasoma. Vidole vikiwa legelege, kalamu itashikwa na nini?”

“Wewe ni wa hospitali. Rudi hospitali!”

“Nitarudi saa nane. Sasa hivi ni saa nne.”

Alhamisi iliyofuata Masele aliitwa aje kumchukua mwanawe. Alipoingia tu, Suzana akampa Odeta chaki. Mtoto akaandika jina lake ubaoni, kwa kushoto. Herufi zilipanda mlima, lakini zilisomeka.

“Futa,” mkuu akasema. “Aandike kwa kulia au aondoke.”

Odeta akamtazama Suzana. Suzana, wa kutonyamaza yule, hakusema neno. Alikunja mikono tu. Mtoto akaugeukia ubao, akaandika jina la pili chini ya lile la kwanza: Masele.

Mwalimu Ndalahwa akachukua dasta mwenyewe. Masele akavua kofia, akaenda kusimama kati yake na ubao.

“Hapa hafuti mtu, mwalimu,” akasema. “Hilo ni jina langu.”