Kreni Anachagua Kigari

Wapiga muziki wa harusini ndio waliomwita Kreni, na jina likamganda. Walimwona siku moja akishuka garini na stendi tatu za taa begani, sanduku la taa mkono wa kulia, mfuko wa mchanga wa kuzishikilia zisianguke mkono wa kushoto, nyaya zimemzunguka shingoni kama mkufu, naye anapiga soga njia nzima bila kuhema. Tangu hapo hata mumewe, akiwa na masihara, humwita hivyo.

Kazi yake ni taa. Mpiga picha ni wifi yake, dada wa mumewe, na wawili hao wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minane, wakigombana juu ya kila kitu isipokuwa picha zenyewe. Wifi ni mwembamba, ana haraka, na habebi kitu kizito kuliko kamera.

"Mimi nimeumbwa macho, wewe umeumbwa mabega," husema. "Mungu hakukosea."

"Na huo mdomo ulipewa na nani?" Kreni humjibu.

Asubuhi moja waliitwa kupiga picha katika kiwanda cha ushonaji, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Kreni alijitwika vyake kama kawaida. Kabla hajafika hata ghorofa ya pili, goti la kushoto likagoma. Halikuuma sana, lilikataa tu, kama mtoto aliyechoshwa na safari. Sanduku la taa likamponyoka, likateremka ngazi moja baada ya nyingine, du, du, du, hadi chini, likaenda kusimama mbele ya mlinzi. Mlinzi akalipigia saluti. Mafundi waliokuwa wakichungulia kutoka juu walicheka hadi wakashika mbavu, na Kreni aliwashinda wote kwa kicheko. Taa ilikuwa nzima, imefungwa vizuri kwenye sponji lake. Lakini wifi yake hakucheka. Alikuwa amemwona alivyoushika ukuta kwa mikono miwili ili ainuke.

"Wifi, tutafute kigari," alimwambia walipokuwa wakirudi.

"Kigari cha nini? Nimezeeka?"

"Hujazeeka. Umebeba tu."

Kreni akanuna hadi nyumbani. Alijua wifi amesema kweli, na hilo ndilo lililomkera. Watu wangapi walimjua kwa lile bega lake? Akishika mpini wa kigari, si atakuwa mtu yeyote tu anayesukuma mizigo?

Mumewe alimkuta sebuleni, goti juu ya mto. Yeye ni mhudumu wa hospitali. Kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa kutoka wodini kwenda vyumba vya upasuaji na kurudi.

"Mke wangu, mimi mwaka wa ishirini na tano huu nahamisha watu wazima," alisema huku akimchua goti. "Uliwahi kusikia nimembeba mmoja mgongoni?"



Siku ya mapumziko mumewe alimpeleka nyuma ya stoo ya hospitali, mahali vinapowekwa vitanda vinavyosubiri fundi. Akapanda kimoja chenye magurudumu madogo, akajilaza chali, mikono kifuani kama mheshimiwa.

"Haya, sukuma."

Kreni akasukuma. Kitanda kilikwenda vizuri mpaka kwenye ufa wa sakafu. Pale kikakwama ghafla, na mheshimiwa nusura aende kubusu saruji. Akahamia kitanda cha pili, chenye magurudumu makubwa. Ufa uleule kikaupita kana kwamba haupo.

Muuguzi mmoja akapita na sinia la dawa. "Mgonjwa wako anaumwa nini?"

"Uvivu, sista," Kreni akamjibu.

Siku ile alijifunza mambo ambayo mumewe hakuwahi kuyaeleza kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Gurudumu kubwa hupita pale dogo linapokwama. Magurudumu yanayogeuka yawe ya mbele tu, la sivyo kwenye mteremko utakwenda kinakotaka kigari chenyewe. Kizito kikae chini. Na breki ijaribiwe mlimani. Kwenye sakafu tambarare kila breki ni nzuri. Jioni Kreni alichukua kamba ya katani akaifunga mafundo matatu: la kwanza upana wa lifti nyembamba kuliko zote walizowahi kupanda, la pili upana wa buti ya gari la wifi, la tatu urefu wa buti hiyohiyo.

"Sasa unapima jeneza la nani?" wifi alimuuliza kesho yake.

"La kiburi changu. Twende dukani."

Dukani walikwenda na vifaa vyote. Muuzaji, kijana nadhifu mwenye tai, aliwaletea kigari cha kukunja kinachong'aa kama sahani mpya. "Hiki, mama, kinabeba uzito wa ng'ombe mzima."

"Wangu wana miguu mirefu," Kreni alisema, akaanza kupanga stendi.

Kwenye vigae kigari kiliteleza kama sabuni. Wifi alishafungua mkoba. Kreni akaomba kukitoa nje, kwenye kokoto za maegesho. Hatua ya nne, gurudumu likameza kokoto, kigari kikasimama, stendi zikaendelea na safari zenyewe. Muuzaji akazikimbilia, tai imemrukia begani.

Akaleta kingine: kirefu, chekundu, chenye turubai na matairi manene. Hicho kilikwenda kokotoni, kikapanda ukingo wa barabara, kikashuka bila kutikisa taa. Wifi akakipenda papo hapo. Kreni akanyoosha kamba. Kigari kikavuka fundo la lifti kwa upana wa kiganja.

"Kiganja tu!" wifi akalalamika. "Tutakibana."

"Mlango wa lifti haubembelezwi, wifi."

"Wewe hutaki kigari, sema ukweli. Unatafuta sababu."

Neno hilo lilimchoma Kreni, maana siku chache nyuma lingekuwa kweli. "Ningekuwa sitaki," alisema polepole, "ningechukua hicho cha kwanza, kivunjike, nikwambie umeona?"

Wifi akamtazama, kisha akamshika mkono. Wakamshukuru muuzaji, wakaondoka.

Walikipata kwenye ua wa vitu vilivyotumika, nyuma ya rundo la madirisha. Mwenye ua, mwanamke aliyefunga miwani kwa uzi, alisema bendi moja ilikuwa ikibebea spika zake juu yake hadi wanabendi walipokosana. Sakafu yake ya chuma iko chini, karibu na ardhi. Nyuma matairi mawili makubwa ya upepo, mbele mawili madogo yanayogeuka, kila moja na breki ya kukanyaga kwa mguu. Rangi yake ilikuwa ya kijani iliyobabuka kama ukuta wa bweni.

"Tukienda nacho kwa mteja watadhani tumekuja kuzoa taka," wifi alinong'ona.

Kwenye kamba, kigari hakikuvuka fundo hata moja. Kreni akapakia mifuko ya mchanga, kisha masanduku, akakisukuma juu ya vifusi kwa mkono mmoja. Gurudumu la mbele lilipiga kelele, na kigari hakikuwa na mahali pa kusimamisha stendi. Tatizo la kwanza lilitaka mafuta, la pili fundi wa kuchomelea mabomba mawili tu. Alikipandisha kwenye rampu ya mbao, akakanyaga breki, akaachia mikono. Kikatulia. Mikono yake mitupu ikabaki inaning'inia, haijui pa kwenda. Akahisi uchungu kidogo, kama wa kuagana na rafiki mkorofi.

"Hiki," alisema.

Wiki mbili baadaye walialikwa na wanawake waliowahi kuwa timu moja ya mpira, ambao sasa wengi wao walikuwa na wajukuu. Walitaka picha kwenye uwanja wao wa zamani, juu ya mlima mdogo, na usiku wa jana yake mvua ilikuwa imenyesha. Wifi aliteleza mara mbili akiwa na kamera tu. Kreni alipanda akisukuma, matairi yakichora mistari kwenye tope, akafika juu anaongea.

Wachezaji wakajipanga. Mawingu yalikuwa yanakuja. Kreni akaweka taa pale wifi alipoelekeza, kisha akafanya jambo ambalo miaka yote hakulipatia nafasi, kwa kuwa alikuwa akifika ametota jasho na macho yanawasha: akasimama, akawatazama watu. Mwisho wa mstari alikuwepo golikipa, miwani yake minene, na tayari mkono uko kwenye miwani kuivua.

"Bibi, mbona unaivua?"

"Mwanangu, kila picha nakosa macho, miwani inang'aa tu. Wanasema nina taa mbili usoni."

Kreni akainua stendi, akaisogeza pembeni hatua tatu, akainamisha mwavuli wa taa.

"Nani kakwambia usogeze taa yangu?" wifi akafoka.

"Chungulia kwanza."

Wifi akachungulia. Vioo vya ile miwani havikung'aa tena. "Umeliona saa ngapi hilo?"

"Leo ndiyo nimepata pumzi ya kuangalia."

"Basi angalia na upande huu. Huyu nahodha nimweke wapi?" Hakuwahi kumuuliza hivyo.

Walipiga picha kama ishirini kabla ya tone la kwanza kuanguka. Akina mama wakavua jezi walizokuwa wamevaa juu ya nguo zao, wakafunika masanduku, wakaanza kugombania mpini. Nahodha akashinda kwa kelele. Wakateremka na kigari huku wakiamrishana kama siku za mechi, mabeki wawili wamekishikilia nyuma.

Golikipa hakuwafuata. Alibaki chini ya ule mwavuli wa taa na Kreni, akamwomba wifi amwonyeshe. Wifi akageuza kioo cha kamera. Yule mama akakisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Kumbe macho ninayo," akasema, akacheka, akaomba aonyeshwe tena.