Malori Yaegeshe Kushoto

Nilianza kumwonea wivu kwa sababu ya mkono wake. Tulikuwa wachoraji wawili Waafrika katika ofisi ya ramani ya mji, meza zetu zikitazamana chini ya dirisha moja. Kila alipochora kona ya barabara aliivuta kwa pumzi moja, penseli haisiti wala hairudii. Kona zangu zilikuwa sahihi. Zake zilikuwa nzuri, na hakuna aliyehitaji kunionyesha tofauti.

Alikuwa mtu wa Kasai, jimbo jirani, ingawa alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, mji ambao wakati huo bado uliitwa kwa jina la malkia wa Wabelgiji. Mimi natoka Sakania, mpakani, ambako baba yangu alifanya kazi ya reli. Nilimzidi umri kidogo, kwa hiyo aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, na aliniita hivyo kwa heshima kamili. Hata heshima hiyo ilinichoma. Mtu anayekushinda, afadhali akutukane.

Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na mji wetu ukawa ghafla mji mkuu wa nchi yenye bendera yake. Wizara zilifunguliwa hata katika majengo yaliyokuwa maduka. Motokari za mawaziri zilijaa mbele ya posta. Malori ya unga kutoka Rhodesia yalipakua mizigo katikati ya njia, na baiskeli za makarani, waliotoka mitaa ya Kamalondo na Katuba kupitia tunneli chini ya reli, zilifungwa kwenye kila mti. Waziri akichelewa kazini, lawama zilikuja kwetu.

Manispaa ikaamua kupanga upya katikati ya mji. Mkuu wetu, Mbelgiji mwenye sauti ndogo, akatupa kila mmoja wetu karatasi. Ambaye mchoro wake ungekubaliwa angekuwa msaidizi wake, cheo ambacho hakuna Mwafrika aliyekuwa amekikalia katika ofisi ile. Chumba cha msaidizi kilikuwa kimefungwa tangu Mbelgiji aliyekitumia arudi kwao. Nilipita mbele ya mlango huo kila asubuhi, na kila asubuhi nilitazama kitasa.

Nilifanya kazi kwa utaratibu. Nilisimama kwenye kona ya posta nikaandika nilichokiona: nani anaegesha wapi, nani anamzuia nani, lori gani linapakua kwa nani. Kisha nikachora maegesho ya mshazari pande zote mbili za barabara, motokari za mawaziri mbele kabisa, malori yakifuata, baiskeli kando ya ukuta. Ulikuwa mchoro safi. Nikamchungulia mwenzangu. Alikuwa ameanza na tunneli, kama maji yanavyoanzia kwenye chemchemi, akazileta baiskeli hadi mlangoni mwa posta. Mawaziri aliwaweka nyuma ya jengo.

Nilicheka kwa sauti ili makarani wa chumba cha pili wasikie.

"Weye! Minisitre ataacha motokari kule nyuma, halafu apite na miguu sawa mulimaji?"

"Atapita, yaya. Haiko mbali."

"Na suti yake?"

"Suti nayo itapita."

Wa chumba cha pili wakacheka, lakini walicheka naye.

Mkuu alikuwa na desturi yake ya kupima mchoro. Alikata magari madogo kutoka kwenye pakiti za sigara, kwa kipimo cha ramani, akayasukuma kwa ncha ya rula kama mtoto achezaye. Katika mchoro wangu aliingiza lori, akaliegesha kwa mshazari upande wa kulia, kisha akajaribu kulitoa kinyumenyume. Akasimamisha rula.

"Hili linatoka Rhodesia," aliniambia. "Kule wanapita kushoto, si kulia kama hapa. Usukani uko wapi?"

Uko kulia. Dereva aliyekaa kulia, akirudi nyuma kutoka upande wa kulia, haoni kinachokuja nyuma yake hadi kimgonge. Mimi, mtoto wa Sakania, niliyekua nikiyaona malori hayo yakivuka mpaka na madereva wakishuka upande usiotarajiwa, nilichora kana kwamba dunia nzima inaendesha kama sisi.

Mkuu akahamia kwenye karatasi ya pili. Barabara ya nyuma ya maduka ilikuwa ya upande mmoja, na kando yake, kwa herufi ndogo, mwenzangu alikuwa ameandika: malori yaegeshe kushoto. Lori liliingia, likasimama, likatoka likienda mbele, dereva wake akiiona njia yote. Mtu wa Kasai ndiye aliyekumbuka Sakania.

Mchoro wake ukakubaliwa, nami nikampa mkono wa pongezi. Jumapili yake alinialika nyumbani, mkewe akatupikia kuku, na nilipoulizwa nikasema chumvi imezidi kidogo. Haikuwa imezidi. Niliporudi kwangu mke wangu akaniuliza, "Balimupatia yeye?"

"Balimupatia."

"Basi, lala. Wivu haipikiwi bukari," akasema, akiufunika ugali uliobaki.

Lakini mwenzangu hakupata kuingia katika chumba kile. Kabla barua ya cheo haijafika, watu wa Kasai walianza kutazamwa kwa jicho baya mjini, wakidhaniwa kuwa wapinga kujitenga. Walisimamishwa kwenye vizuizi, wakaulizwa kwao ni wapi, na waliojibu "hapa" ndio waliopigwa zaidi. Mwenzangu alianza kuchelewa, kisha akaanza kuja kwa njia tofauti kila siku, yeye aliyejua njia zote za mji. Asubuhi moja meza yake ilikuwa tupu. Alikuwa amewapeleka mkewe na watoto kambini, walikojazana maelfu ya watu wao karibu na askari wa Umoja wa Mataifa.

Mkuu akanikabidhi ufunguo wa kile chumba. "Maliza mchoro wake," akasema. "Ukimaliza, nafasi ni yako."

Niliketi katika kiti nilichokitamani, na kiti kilikuwa kigumu kama viti vyote. Mchoro ulikuwa umekamilika isipokuwa mahali pamoja: pale baiskeli za kutoka tunneli zinapokutana na malori yanayotoka nyuma ya maduka. Pale aliacha alama hafifu ya penseli, duara dogo, bila jibu. Nilijaribu kisiwa katikati. Nilijaribu kupinda njia. Nilijaribu ukuta. Kila mstari niliouchora, ama ulikata baiskeli, ama ulifunga malori. Manispaa ikaanza kuuliza. Nilijua kwamba nisipopata jibu ufunguo utarudi, naye atakuwa amenishinda hata akiwa hayupo.

Nikaiviringisha karatasi, nikaifunga kwenye baiskeli, nikaenda kambini mchana. Vijana wa Kasai waliolinda lango waliniuliza kwetu ni wapi. Nikawaambia. Waliniacha nimesimama juani mpaka wakamwita, naye akaja, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Yaya! Balikuruhusu kufika?"

"Mi nimeleta kazi."

Akacheka, akachuchumaa mavumbini, akaitandaza karatasi yetu chini akiishika kwa mawe. Alipoliona lile duara akatikisa kichwa.

"Umetafuta mustari."

"Sasa nitafute nini?"

"Pale haiko mustari, yaya. Pale iko saa. Acha bantu ba baiskeli baingie kazi kwanza. Kisha kamio zitoke. Weka kibao tu."

Basi. Kibao cha kuyaambia malori yangoje saa yake. Nilikuwa nimechafua karatasi ngapi za kunakilia michoro kwa ajili ya kibao.

Nilimwambia asante. Nikamwachia sabuni na unga niliokuja nao, akavipokea kwa mikono miwili. Hakuniuliza nani anaketi katika chumba kile, naamini alijua.

Wakati huo lori la maji liliingia langoni. Nilitazamia fujo, kwa sababu upande mwingine wa kambi nilikopita watu walikuwa wakigombania maji, ndoo mikononi. Lakini hapa, kati ya vibanda vya magunia na mabati, kulikuwa na njia iliyoachwa wazi na kupangwa kwa mawe, ikizunguka kwa mkunjo mpana, wa pumzi moja. Kina mama walisimama ndani ya mkunjo na ndoo zao. Lori lilizunguka polepole, likasimama, likamwaga maji, likatoka kwa upande wa pili bila kurudi nyuma hata kidogo. Watoto hawakulazimika kukimbia.

"Nani alipanga hii?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Tulisaidiana," akasema.

Nilikuwa na ufunguo wa chumba mfukoni, na jibu la manispaa kichwani. Nilisimama pale na karatasi yangu nikiutazama mkunjo ule wa mawe, nikatamani ungekuwa wangu.