Futi Iliyokatwa Ncha

Fundi cherehani huyu alikuwa na miaka thelathini na minne, na alichokuwa akikitaka ni kitu kimoja tu: jina lake kwenye orodha ya klabu ya wakimbiaji. Kuingia ni mita elfu moja na mia tano kwa dakika tano na nusu. Jaribio ni mara moja kwa mwaka, na mara mbili alikwisha kushindwa. Kocha akamwambia kwa upole kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho; nafasi ni chache, na wasichana wanapanga foleni.

Basi mwaka mzima alikuwa anaamka alfajiri, anazunguka kiwanja kitupu nyuma ya ghala. Mizunguko mitano ya mita mia tatu, akianzia kwenye jiwe moja na kumalizia kwenye jingine kando yake. Wifi yake, dada wa mumewe, anakaa juu ya tofali na simu mkononi, anapiga miayo na kumtania kwamba kama angekuwa anakimbilia kitu, hata kiatu cha mtumba, yeye wifi angeelewa. Lakini wifi huyohuyo hakukosa hata siku moja. Muda ukapungua kwa vijisekunde, wiki baada ya wiki, mpaka ukafika dakika tano na nusu kamili. Siku hiyo walikumbatiana mpaka simu ikaanguka.

Siku ya jaribio alikimbia mpaka akaona giza. Dakika tano na sekunde hamsini na nne.

Kocha alipiga mstari tu kwenye jina lake.

Kesho yake alirudi dukani, macho yamevimba. Mteja akainua mikono apimwe kiuno. Fundi akaizungusha futi, na kama kawaida akaanzia kwenye alama ya sentimita kumi, maana ncha ililika zamani akaikata, na mkono wake ulikwisha kuzoea kutoa kumi bila kuuliza kichwa. Hapo mkono ukaganda. Mteja akabaki mikono juu kama aliyekamatwa.

Kiwanja walikuwa wamekipima kwa futi hiyohiyo. Wifi ndiye aliyeshika ncha, akaanzia pale pale ilipokatwa kana kwamba ni sifuri, na kila urefu wakauhesabu mita moja na nusu, kumbe ulipungua sentimita kumi. Kila mzunguko ulipungua mita ishirini. Mwaka mzima alikuwa akikimbia mita elfu moja na mia nne.

Akamwendea kocha, akaeleza yote, futi mkononi. Kocha akasikiliza mpaka mwisho, akasikitika kweli. "Nakuamini, mama," akasema. "Lakini saa ndiyo hiyo. Rudi baada ya siku kumi, nikupime peke yako. Zaidi ya hapo sina."

Sekunde ishirini na nne kwa siku kumi. Hata yeye alijua hesabu hiyo haishoneki.

Alfajiri iliyofuata wakapima upya. Wifi akalisogeza jiwe la kumalizia mita mia moja mbele, hatua kwa hatua, mpaka likafika kwenye majani. Fundi akakimbia. Alipofika pale jiwe hilo lilipokuwa zamani, miguu ilitaka kusimama yenyewe, akaisukuma.

Akaanguka magotini. "Ngapi?"

Wifi aliitazama simu. "Hamsini na tatu."

"Imepungua moja."

"Moja, wifi yangu. Moja tu."

Fundi akajifuta mchanga magotini, akatembea taratibu kurudi kwenye jiwe la kuanzia. "Rudisha saa kwenye sifuri," akasema.