Paa la Pili

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Miaka thelathini nilikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai hapa Manga, na kazi ile inakufundisha kumshuku hata anayekuombea. Lakini Bathsheba Nyakerario nitamsifu mpaka mchoke, kwa sababu mama yangu alifia mikononi mwake akiwa safi, ameshiba uji wa wimbi na kucha zake zimekatwa.

Nilipompeleka mama kwake, majirani walisema nimemtupa. Kwetu mzee hutunzwa bomani kwa mwanawe, na asiye na wa kumtunza hufa njaa kwa heshima. Mke wangu alikuwa mgonjwa, goti langu lilikuwa limegoma, na mama alikuwa hajui tena mlango ni upi na dirisha ni lipi. Bathsheba alikuwa mjane aliyefagia wodi za hospitali kwa miaka mingi, na wazee wa namna hiyo aliwaweka katika nyumba ya matofali aliyoachiwa na mumewe. Wote aliwaamrisha kama ng'ombe na kuwaosha kama watoto wachanga.

Mwaka juzi wazee wake walikuwa kumi na mmoja. Paa lilivuja, choo kilikuwa mbali chini ya mteremko, na mkaguzi alikuwa amempa mpaka Desemba arekebishe au afunge. Angefunga, wale wazee wasingekuwa na pa kwenda. Ndipo ikatangazwa ruzuku ya umma kwa makao ya wazee. Bathsheba akaniletea fomu, akasema nimjazie kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Sehemu moja iliuliza kama wakaazi wote wanalala katika jengo moja. Nikaandika ndiyo. Niliona ni swali la kijinga, na swali la kijinga mimi hulijibu haraka.

Ukweli ni kwamba kumi walilala nyumba kubwa. Wa kumi na moja, Mzee Obwocha, alilala peke yake katika kijumba cha udongo kando ya jiko. Sababu yake kila Mgusii ataielewa. Ndani ya nyumba kubwa alikuwamo Nyanchera, bibi wa miaka tisini na kitu, mama mzazi wa marehemu mke wa Obwocha. Mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu ya wakwe, nayo haistaafu.

Obwocha ndiye aliyetangulia kufika. Nyanchera alipoletwa, hana mtoto hata mmoja aliyebaki, Bathsheba hakumfukuza yeyote. Alimpa Obwocha kijumba alimokuwa akilala yeye mwenyewe, akahamishia godoro lake jikoni kando ya kuni. Obwocha akitaka kupita uani alikohoa kwanza, na Nyanchera akageuza kiti chake akatazama ukuta. Miaka mitatu waliishi hivyo, hawajawahi kutazamana, na kila jioni kila mmoja alimwuliza Bathsheba kama yule mwingine amekula.

Afisa wa ruzuku alikuja bila kutuarifu. Jina lake Haron, wa ofisi ya Kisii mjini lakini mgeni asiyejua lugha yetu, mpole, viatu vimejaa matope yetu. Aliomba wazee wote wakae sebuleni, aite majina, kila mmoja aweke alama ya kidole mbele yake. Kumi waliitwa, kumi wakaweka vidole. Alipomwita Obwocha, hakuingia. Alikuwa ameketi nje mlangoni pa kijumba chake, kofia magotini. Bathsheba alikwenda kumwita, naye akatikisa kichwa.

Haron akayahesabu tena majina ya kwenye fomu na vile vitanda. Vitanda kumi, majina kumi na moja, na mwandiko wangu ukisema wote wanalala humu. Alimwambia Bathsheba, bila ukali, kwamba huenda yule mzee wa nje ni jirani aliyeitwa kujaza idadi.

"Mama, jina hewa likipatikana hata moja, ombi lote linaanguka," alisema.

Bathsheba alitazama sakafu. Mambo ya wakwe hayasemwi mbele ya mgeni, tena wenyewe wanasikia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na hasira zangu zote, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua nimkasirikie nani. Uongo ulikuwa wangu. Nilimwona Bathsheba akivua aproni yake na kuikunja polepole, nikajua ameshaanza kufikiria atamrudisha nani kwa nani.

Nyanchera ndiye aliyesema. Alisema kwa Ekegusii, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Nitoeni nje. Mkwe wangu aingie ahesabiwe, na kitanda changu apewe. Mimi nitalala jikoni na Bathsheba."

Wazee wote waliinamisha vichwa. Haron aliniuliza amesema nini. Nikamtafsiria, na nilipofika kwenye neno mkwe nikalazimika kueleza na mengine yote, pamoja na ule uongo wangu.

"Karani, mbona hukuandika hivyo?"

"Fomu haikuuliza sababu," nilimjibu, maana aibu haikunipunguzia kiburi.

Haron alitoka nje. Alikwenda jikoni kwanza, akaliona lile godoro kando ya kuni, akauliza ni la nani. Akaambiwa. Kisha akaenda kijumbani, akachuchumaa kwenye matope, akaweka faili juu ya goti lake na kumpa Obwocha wino. Nyanchera hakulazimika kutoka.

Ruzuku ilipatikana. Ofisi ilikubali kubadilisha mchoro, na badala ya jengo moja refu yakajengwa mawili mafupi, kila moja na paa lake na choo chake, na kati yake uwanja wa hatua kama ishirini. Nashukuru serikali, na mimi si mtu wa kuishukuru serikali. Bathsheba alirudi kulala kijumbani kwake.

Siku wazee walipohamia, Obwocha aliketi barazani kwake, Nyanchera barazani kwake, wamepeana migongo. Obwocha akamwita Bathsheba.

"Mwambie mama nakumbuka alitaka kulala jikoni kwa ajili yangu. Mwambie nimeshukuru."

Sote tulisikia, na Nyanchera alisikia. Hata hivyo Bathsheba aliuvuka uwanja, akamwinamia bibi na kuyarudia yote, neno kwa neno. Nyanchera alisikiliza mpaka mwisho, kama habari mpya.

"Mwambie mwanangu alale vizuri," alisema.

Obwocha alikuwa ameshafunika uso kwa kofia. Lakini alingoja, akamwacha Bathsheba avuke uwanja tena, afike mpaka karibu na sikio lake, amwambie.