Misri Iliyofungiwa Stoo

Nilikuwa nimefundisha historia miaka kumi na mitatu, katika shule ya upili ya wasichana iliyo karibu na mji wa Nyamira, kabla sijakasirika kweli kweli kazini. Kilichonifikisha huko ni riwaya nne.

Mambo yalianzia darasani. Tulikuwa tumefikia Misri ya kale, ambayo kitabu cha kiada kilikuwa kimeimaliza kwa kurasa mbili: mto, mafuriko, mapiramidi, basi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwenyeji wa Marani, akainua mkono. Alisema nyanya yake humwambia kwamba sisi Abagusii tulitoka Misiri, yaani Misri hiyo hiyo. Hilo nililijua. Hata kwetu wazee walilitaja jina hilo wakinyoosha kidole upande wa kaskazini, na hakuna aliyewauliza zaidi.

"Mwalimu," akasema, "hao watu wa huko, siku ya kawaida tu, walikuwa wakiamka wanafanya nini?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Niliyajua majina ya wafalme, lakini sikujua mama wa Misri aliwasha moto kwa kuni gani, wala mtoto wake aliugua nini.

Muhula huo huo mwalimu mkuu akanipa kazi ya kuchagua hadithi za kusomwa na chama cha wasomaji. Sikufikiri mara mbili. Nilitaka riwaya za kihistoria, na zote ziwe za Misri ya kale.

Likizo ya Agosti nilikwenda Kisii mjini mara nne. Mwenye duka la vitabu aliniambia kwa upole kwamba watu hutafuta vitabu vya marudio ya mitihani, hadithi hawaziulizi. Nikahamia kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, nikapekua marundo hadi vumbi likaniziba pua. Nilipata kumi na saba, vyote vya Kiingereza. Nikavipakia kwenye gunia, nikavipeleka Itumbe nyumbani kwa mama yangu. Asubuhi tulichuma majani chai pamoja. Mchana alikwenda kuyapimisha kwenye kituo cha kununulia chai, nami nikakaa barazani na gambuti zangu miguuni, nikisoma.

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa juu ya vitabu vyenyewe. Kimoja kilikuwa na malkia mwenye ngozi kama maziwa na macho ya kijani. Mtu mweusi alikuwa mmoja tu, amesimama nyuma ya kiti akimpepea kwa manyoya ya mbuni. Kurasa mia nne alisimama pale. Hakupewa jina, hakupewa neno hata moja la kusema, na mwandishi alipochoka naye alimuua ili malkia apate kulia. Nilikitupa kitabu hicho kwenye migomba. Kingine kilijaa Wanubi wenye nguvu za fahali na akili za mtoto. Mvua inayonyesha Itumbe huteremka kwa mito yetu hadi ziwani, na kutoka ziwani maji huelekea Misri. Leo mtu ananiandikia Misri hiyo hiyo kana kwamba ilishushwa kutoka Ulaya kwa kamba, na anataka nimpe msichana wa Marani ajitafute humo.

Nilibakiwa na vinne. Nilivichagua kwa sababu watu wake walifanya kazi, walichoka, waligombana juu ya mipaka, na waliokuwa weusi walikuwa na majina na hila na mama zao. Kimoja nilikipenda kuliko vyote. Kilimhusu mjane mwoka mikate katika kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Shemeji yake alitaka kumtoa nyumbani, naye akamshtaki mbele ya wazee wa kijiji.

Mama yangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilimsimulia tukimenya ndizi. Aliniuliza kama mjane huyo alikuwa na mtoto wa kiume. Nikamwambia hapana.

"Basi hiyo ni hapa," akasema, akaendelea kumenya.

Shule ilipofunguliwa, vitabu vililetwa mbele ya bodi ya shule, nami nikavieleza kwa dakika tano. Alikuwepo mjumbe mmoja, mzee wa kanisa, mtu anayeheshimiwa sana na aliyewahi kuwa mwalimu mwenyewe. Alichukua kile chenye picha ya sanamu yenye kichwa cha mbwa, akakilaza kifudifudi juu ya meza kama mtu anayefunika uchi. Alisema Misri ni nchi ya utumwa na sanamu, kwamba Mungu aliwatoa watu wake huko kwa mkono wenye nguvu, na sasa mwalimu wa kike anataka kuwarudisha watoto wetu.

Nilimuuliza amesoma kipi kati ya vile vinne.

"Sihitaji kuonja sumu ndipo nijue ni sumu," akajibu.

Mwalimu mkuu, aliyenituma kazi ile kwa kinywa chake, alikuwa akitazama simu yake. Nilimngoja aseme neno. Alipolisema, lilikuwa kwamba vitabu viwekwe stoo kwanza. Vikaenda kukaa na viti vilivyovunjika miguu, ufunguo akapewa mzee, na chama cha wasomaji kikaletewa vitabu vya marudio. Wiki nzima sikuweza kumsalimia mwalimu mkuu bila kuuma meno.

Nilipomweleza mama, nilitarajia aniambie nitulie, maana yeye ni mtu wa kanisa kuliko wengi. Hakuniambia hivyo. Jumapili alifunga kitambaa chake kichwani akasema twende. Tulimkuta mzee uani kwake akipogoa mibuni. Mkewe akatuletea chai. Mama alimuulizia watoto, ng'ombe na mguu wake unaomsumbua, na chai ilipofika nusu ndipo akaanza.

"Omogaka," akamwambia kwa heshima tunayompa mzee, "Yusufu alipouzwa na ndugu zake, alipata chakula nchi gani?"

Mzee akaweka kikombe chini.

"Na Bwana Yesu alipotafutwa auawe angali mtoto, alikimbiziwa wapi?"

Mzee akauchukua mkasi wake akaupanguza. Mwishowe akasema sawa, atakisoma kimoja yeye mwenyewe kwanza, kisha ataamua. Alichagua kile cha mjane.

Njiani mama alikuwa ameridhika. Mimi sikuridhika, na ninafurahi kwamba sikuridhika. Muhula ule ukaisha na kitabu kiko kwake. Ukaja mwingine, na mwingine tena. Kila nilipomuulizia alisema bado anasoma, macho yake si ya ujana. Vingine vitatu vilibaki gizani vikimngoja yeye amalize. Msichana wa Marani akafanya mtihani wa kidato cha nne, akabeba sanduku lake akaondoka, na hakuwa amefungua hata ukurasa mmoja.

Shule ilipofunguliwa tena Januari, mzee alikuja mwenyewe. Alinikuta katika chumba cha walimu, akaweka kitabu mezani pamoja na ufunguo.

"Mwalimu, hiki kitabu ni kizuri," akasema. "Wasichana wasome."

Wenzangu wakatabasamu. Mmoja akaninong'oneza nimshukuru mzee. Nilishindwa. Nimshukuru kwa lipi? Kwa kugundua baada ya mwaka na zaidi kitu nilichomweleza kwa dakika tano? Nilichukua ufunguo, nikaenda stoo. Panya walikuwa wametafuna pembe za viwili, lakini maneno yalikuwa mazima. Nikavipanga kwenye rafu iliyo kando ya mlango wa maktaba, picha ya sanamu ikitazama mbele.

Nilipogeuka, mzee alikuwa amenifuata, amesimama na kofia mkononi. Aliuliza kama kipo kingine cha namna ile. Nikamwambia vipo vitatu, lakini kuna daftari la majina, na wasichana wa kidato cha pili walikwisha kujiandikisha wakingojea siku vitakapotoka. Nilidhani atakasirika. Alivaa miwani, akasoma majina yote kumi na moja pole pole, kisha akaomba kalamu, akaandika lake chini kabisa.